Kiwavi wa Kumi na Moja

— Salo, ile mukebe uko unaficha nyuma ya mugongo, iko na nini ndani?

Chimène aliuliza kwa sauti ya chini, ile ambayo mwanamke akiitumia ni heri angepiga kelele. Tulikuwa nyuma ya nyumba ya Mama Sumiko, kule Hilliard, pembeni mwa Columbus, Jumamosi ya mwisho wa Agosti 2014. Mama Sumiko mwenyewe, bibi wa Kijapani wa miaka themanini na moja, alikuwa ameinama juu ya persili yake, yale majani ya kutia kwenye supu, akipekua shina moja baada ya jingine.

— Jana jioni walikuwa kumi na moja, alisema kwa Kiingereza chake cha polepole. Sasa simwoni hata mmoja. Ni ndege gani huyu mwenye njaa hivi?

Ndege huyo alikuwa mimi, Salomon, mtoto wa Shabunda, Kongo, mkazi wa Buffalo. Nilikuwa nimeendesha gari kwa muda wa saa tano na nusu kuja kuomba msamaha, na kabla sijafungua mdomo nilikuwa tayari mwizi.

Niwaeleze ilivyokuwa. Chimène alikuwa akimtunza Mama Sumiko: dawa zake, kuoga kwake, chakula chake. Nilipotokea mlangoni bila taarifa, baada ya miezi minane ya ukimya, hakunisalimia. Alinionyesha bustani kwa kidole, akasema ningoje huko mpaka amalize kazi.

Nikangoja. Bustani ile ilikuwa na mawe yenye kuota ukoka laini, changarawe zilizochanwa kwa reki mpaka zikatoka mistari, na maua ya buluu yaliyopanda juu ya miti ya mianzi, yanayofunguka asubuhi na kujifunga kabla ya adhuhuri. Ndipo nikaona kwenye persili viwavi wanene, kijani, wenye mistari myeusi na madoa ya njano. Nilisahau niko Amerika.

Nilikumbuka Nyarugusu, kambi yetu ya wakimbizi kule Tanzania. Mimi nilikuwa kijana sina mbele wala nyuma, na Chimène alikuwa na mama mkali, Mama Spés, aliyekuwa akinifukuza mlangoni kama mbuzi. Siku moja niliingia porini, nikaokota viwavi, nikawafunga kwa majani na kumpelekea mama huyo. Aliufungua ule mzigo, akanitazama juu mpaka chini. Kisha akawakaanga kwa mawese na kitunguu, na sahani ya kwanza akanipa mimi.

— Kijana mwenye kuona chakula pahali bengine banaona mududu, alisema, hatalaza mutoto wangu njaa.

Basi nilikuwa nimekubaliwa. Mama Spés alifariki kabla ya sisi kupata safari, mimi nikapelekwa Buffalo, Chimène na kaka yake Gaspari wakapelekwa Louisville, na Chimène baadaye akahamia Columbus kwa ajili ya kazi. Kwa hiyo nilipowaona wale viwavi nilijua la kufanya, nikawaokota wote kwenye mkebe. Nitawakaanga jikoni, nitamwekea sahani mbele, naye atakumbuka.

Sasa niliuleta ule mkebe mbele na kufunua kifuniko. Mama Sumiko akachungulia.

— Ulikuwa unawapeleka wapi?

— Kwenye kikaango, Mama.

Chimène alijifunika uso kwa mikono miwili. Mimi nilimwona tayari amefukuzwa kazi, na sababu ni mimi. Bibi yule alinyoosha kidole, akawahesabu viwavi.

— Mume wangu alikuwa anapanda mistari miwili ya persili, akasema. Mmoja wa sisi kula, mmoja wa viwavi. Mimi nilikuwa nawatupa nje ya ua, yeye anawarudisha. Amekufa mwaka wa nne sasa. Siku hizi mimi ndiye ninayewahesabu.

— Nisamehe, Mama. Kwetu ni chakula. Sikuuliza.

— Warudishe. Mmoja mmoja, kwa mkono.

Nikapiga magoti. Kiwavi wa kwanza nilipomshika alitoa pembe mbili za rangi ya chungwa nyuma ya kichwa, na harufu iliyotoka hapo ilinifanya nipige chafya. Wa pili vilevile. Nyuma yangu nikasikia Chimène akicheka, kisha akajizuia.

— Bilikuwa bitakutapisha, akasema. Mungu alikuhurumia.

— Chimène, nisikilize.

— Nilikusikiliza myaka mbili, Salo. Kila siku kwa simu: mi nasoma, mi nitakuwa infirmier, wa kuchunga bagonjwa, ku hôpital bananipenda. Bon. Nikakuomba picha moja tu, umevala blouse ya hôpital. Picha moja. Ukafunga simu myezi munane.

— Sikuwa na blouse.

— Donc?

— Mi nafua mashuka. Kule kule ku hôpital, lakini chini, pahali pa mashine. Sikusoma hata siku moja. Niliona haya.

— Mashuka ni haya? Miye nasafisha bazee, unaniona na haya?

Nilimrudisha kiwavi wa tano, wa sita.

— Ungeniambia unafua mashuka, alisema polepole, ningekupenda na mashuka yako. Sasa yaya Gaspari anataka kunioza kwa Polycarpe, mutu wa kanisa yao kule Louisville. Familia yake itakuya mwezi ujao. Polycarpe ni mutu muzuri. Akisema ataita saa kumi, anaita saa kumi.

— Na weye unamupenda?

— Nataka mutu mwenye hapotee.

Hilo ndilo lililoniuma. Niliweka wa kumi na moja kwenye jani lake, nikasimama nikiwa na udongo magotini.

— Usinijibu leo, nikamwambia. Nitaita siku ya yenga.

Na Jumapili iliyofuata nikapiga. Niliogopa hatapokea, akapokea.

— Biwavi biko namna gani? nikauliza, maana sikujua niulize nini kingine.

— Bimekula ile musitari yote. Mama Sumiko anakusalimia, anasema mwizi aendelee vizuri.

Kuanzia hapo nilipiga kila Jumapili, baada ya ibada. Alinisimulia jinsi viwavi walivyojifunga kwenye mianzi ya maua, kila mmoja akajifanya kifuko kigumu, na jinsi vifuko vilivyopasuka juu, penye kichwa, kipepeo mweusi mwenye madoa ya njano akatoka na mabawa yaliyokunjamana. Wakaruka wanne, wakaruka saba. Mwisho wa Septemba walikuwa wameruka kumi. Mmoja akabaki kifukoni, rangi ya udongo, kimya.

— Amekufa? nikauliza.

— Mama Sumiko anasema hapana. Bengine banangoja baridi ipite, banatoka mwezi wa tano. Salo, nilimuita yaya Gaspari. Nilimwambia Polycarpe na familia yake bangoje kwanza.

— Bangoje nini?

— Ule mududu. Akitoka, nitakujibu. Lakini ukikosa siku ya yenga moja, usiite tena.

Polycarpe hakungoja, na simlaumu. Krismasi ilipofika alikuwa ameshachumbia kwingine. Gaspari alinipigia simu kwa hasira.

— Dada yangu ameacha bwana juu ya kiwavi. Ukimuangusha tena, Salomon, nitakuya huko Buffalo kwa miguu.

Nilimwamini. Hata kabla ya hapo, mwezi wa Novemba, Buffalo ilizikwa na theluji, milango haifunguki, umeme umekatika mtaani kwetu. Jumapili ilifika simu yangu imezima. Nilichimba njia kwa sufuria mpaka kwa jirani, nikaketi ndani ya gari lake kuchaji.

— Umechelewa, alisema Chimène.

— Theluji inanifika kifuani.

— Na uko unaita?

— Naita.

Siku hiyo tulizungumza mpaka jirani akagonga kioo.

Simulizi nyingi za wapenzi huruka majira ya baridi, eti hakuna kinachotokea. Mimi nawaambia ndiyo miezi ninayoikumbuka kwa utamu kuliko yote. Tulirudi Nyarugusu kwa maneno: mama yake, foleni ya maji, kwaya yetu yenye ngoma moja. Nilimtumia picha yangu mbele ya mashine, na mashuka yamepanda mlima nyuma yangu. Alijibu kwa ujumbe: “Hii ndiyo picha niliomba.”

Na kila mara mwishoni niliuliza:

— Mududu?

— Iko vile vile.

Alhamisi moja ya Mei, saa ya mapumziko kazini, simu ikatetemeka. Ujumbe ulikuwa na maneno mawili: “Imetoka. Kuya.”

Sikumbuki barabara. Nakumbuka tu nimefika Hilliard kesho yake, Chimène amesimama bustanini na gauni la kitenge, na Mama Sumiko ameketi kwenye kiti chake akipanga mbegu za maua yake kwenye bahasha. Nilikwenda moja kwa moja kwenye mwanzi. Kifuko kilikuwa bado pale. Juu, penye kichwa, kilikuwa kizima. Ubavuni kilikuwa na tundu moja la duara, dogo, kama la sindano nene.

Nilivyofundishwa na hao wawili kwa simu, hata mimi nilijua kipepeo hatoki kwa tundu lile.

— Chimène, huyu hakutoka.

— Kitu kilitoka.

— Nyigu, alisema Mama Sumiko bila kuinua macho. Alitaga ndani yake zamani, kiangazi. Mtoto wake akamla pole pole. Kipepeo hakuwahi kuwepo, kijana.

Niliketi juu ya changarawe, nikaharibu mistari yake yote.

— Ulisema akitoka utanijibu. Sasa?

Chimène alikuja akachuchumaa mbele yangu. Macho yake yalikuwa na machozi, lakini mdomo ulikuwa unacheka.

— Niliona ile tobo siku tatu mbele ya kukuandikia. Nililia, Salo. Nikasema, basi, imeisha. Kisha nikajiuliza, miye nilikuwa nangoja nini, mududu? Siku za yenga makumi tatu na saba. Nilizihesabu. Hukukosa hata moja.

— Donc ulinidanganya.

— Mara moja. Weye ulinidanganya myaka mbili, bado uko na deni.

— Na jibu?

— Ndiyo. Simama, unaharibu bustani ya mama.

Tulifunga ndoa Julai, Louisville, kule Highview ambako Gaspari anakaa. Kwenye ukumbi, kabla wazee hawajaanza kula, Chimène aliinuka na gauni lake jeupe, akaenda jikoni, akarudi na sahani moja. Viwavi wakavu wa duka la Waafrika, alikuwa amewaloweka asubuhi na kuwakaanga mwenyewe, mawese na kitunguu. Akaniwekea mbele.

— Kula, alisema. Mama hayuko, nimekupakulia miye.

Nilikula huku nikilia. Gaspari naye alijifanya anatafuta kitu mfukoni.

Mama Sumiko, aliyeketi meza yetu, alinyoosha mkono, akachukua kiwavi mmoja, akamtafuna kwa makini sana.

— Mume wangu angenifukuza, akasema.

Kisha akafungua mkoba wake, akatukabidhi bahasha mbili. Moja ilikuwa na mbegu za yale maua ya buluu, nyingine mbegu za persili.

— Mistari miwili, alisema. Usisahau.

Sijasahau. Kila kiangazi Chimène huamka kabla yangu, hutoka nje na khanga mabegani, na mimi humsikia dirishani akihesabu. Siruhusiwi kukaribia ule mstari wa pili nikiwa na chombo chochote mkononi.