Mkalimani wa Mama

Jumanne hiyo nilikuwa kwenye kibanda changu cha ushonaji, nakata suruali ya mteja mmoja msumbufu, yule anayetaka kiuno kipunguzwe wakati mwenyewe haachi kunenepa. Simu ikaita. Alikuwa dada yangu, anapiga kutoka ng'ambo, yuko kwenye korido ya hospitali. Mama alikuwa ndani na daktari. Nilibana simu kwa bega nikaendelea kukata.

Niseme kwanza nyumba yao ilivyokuwa. Dada alihamia kule na mumewe, wakapata binti mmoja. Baba yetu alipofariki wakamchukua mama akakae na mjukuu. Mama hakuijua lugha ya kule hata ya kuombea maji, na mjukuu akisemeshwa kwa lugha yetu alijibu kwa ile ya shuleni. Kila neno la mmoja kwenda kwa mwingine lilipita mdomoni kwa dada. Dukani, benki, kwa daktari, ni yeye tu. Mama alikuwa anamtania: "Yule mtu kaongea dakika tano, mwanangu, wewe umenipa neno moja. Mengine umeyala?" Basi wanacheka mpaka wanafika nyumbani.

Siku hiyo daktari alisema uvimbe wa tumboni unaweza kuondolewa, lakini kwa umri ule mama anaweza asiamke. Asipopasuliwa ana miezi michache, na nguvu ya kusafiri anayo. Dada alimweleza mama yote bila kuficha. Mama akamjibu, "Mwambie sitaki kukatwa. Nirudisheni nyumbani nikafie kitandani kwangu." Hapo dada akaomba udhuru, akatoka koridoni kuniuliza mimi, mdogo wake, afanye nini.

Kurudi nyumbani maana yake ni kwangu, mimi niliyebaki kwenye nyumba ya wazazi. Vyumba viwili, mke, watoto watatu, na mgonjwa wa kugeuzwa na kuogeshwa. Nilitazama mkasi mkononi, nikasema, "Mwambie daktari amekubali. Wewe ndiye mdomo wake."

Nililisema kwa wepesi ule ule ninaotumia kumwambia mteja njoo kesho.

Dada akarudi ndani akamwambia daktari kwamba mama amekubali. Mama akaambiwa karatasi ile ni ya vipimo, akaweka dole gumba. Siku ya tatu baada ya kupasuliwa akafariki, akazikwa huko huko ugenini. Ukoo mzima tukauambia kwamba mwenyewe alichagua.

Mwaka ulipopita, dada akapata kazi ya ukalimani wa simu. Anakaa kwenye meza ya jikoni, visikilizi masikioni, mgonjwa na daktari wako kliniki, yeye yuko katikati yao. Sharti la kazi ni moja: tafsiri kila kinachosemwa, usiongeze, usipunguze. Aliifanya kwa uaminifu mpaka wenzake wakamshangaa. Nadhani alikuwa anatubu kwa njia hiyo. Mimi sikutubu kwa njia yoyote.

Ikaja asubuhi moja, jua limejaa jikoni. Mzee mmoja wa kwetu analalamikia mguu. Dada akamtafsiria daktari. Kabla daktari hajajibu, ikasikika sauti ya kike, ya kizee, chini chini ndani ya laini.

"Sikusema hivyo."

Akadhani ni mke wa mzee. Akauliza. Mzee akasema mkewe alishafariki miaka mingi, humo chumbani ni yeye na daktari tu.

Kesho yake ikarudi. Na kesho kutwa. Wagonjwa tofauti, sauti ile ile. Dada akaijua. Alinipigia akaniambia kwa kunong'ona, nami nikamwambia apumzike, huo ni uchovu. Nilijua si uchovu. Siku ile uzi haukuingia kwenye sindano mpaka nilipomwita mwenzangu wa kibanda cha jirani anitungie.

Wiki ya pili msimamizi wake akamwita ofisini. Simu za kazi hurekodiwa, na madaktari walikuwa wamelalamika kwamba nyumbani kwa mkalimani kuna mtu anayeingilia mazungumzo. Dada nusura afurahi. Kumbe na wengine wanasikia, hajapata wazimu. Msimamizi, mwanamke wa makamo, mpole, akamwekea rekodi. Mzee na mguu wake. Kisha sauti. Akazima mashine, akauliza huyu anasema nini.

Kazi ya dada ni kutafsiri. Akajibu ni jirani, alipita kusalimia.

Mashine imezimwa. Taa yake imezimika. Mkono wa msimamizi uko mezani.

"Sikusema hivyo."

Walisikia wote wawili. Msimamizi aliinama, akachomoa waya ukutani taratibu, akamwambia dada aende nyumbani. Hakumtazama usoni.

Jumamosi iliyofuata, saa nane mchana, dada akatuunganisha kwenye simu: mjomba, mama mdogo, kaka yetu mkubwa na mimi. Akasema yote. Alichosema mama, alichosema yeye, karatasi, dole gumba. Nilingoja anitaje. Hakunitaja. Alinificha vile vile alivyonificha utotoni nilipovunja vyombo. Mama mdogo alilia. Kaka alitukana, halafu akaomba radhi. Mjomba akauliza, "Kuna mwingine aliyejua?"

Dada akasema hapana. Mimi nikanyamaza. Mjomba akaendelea papo hapo, akasema tumwombee marehemu, tukaagana. Nilirudi kwenye cherehani yangu nikiona aibu hata mbele ya kitambaa.

Tangu siku hiyo dada haisikii tena ile sauti. Amerudi kazini, anakula, analala. Binti yake alikuwa amerekodi kile kikao kwa ajili ya ndugu ambao hawakuwepo, akatutumia sote rekodi hiyo. Niliisikiliza kibandani, mchana kweupe, watu wanapita.

Mjomba anauliza. Dada anasema hapana. Halafu:

"Muulizeni huyo aliyenyamaza."

Siku ya kikao hakuna aliyeyasikia maneno hayo. Sasa yamo kwenye simu ya kila ndugu. Hakuna hata mmoja aliyenipigia kuniuliza, na salamu zao za asubuhi zimekoma.

Baada ya maneno yale kuna kimya, kabla mjomba hajaendelea. Siku ya kikao kimya hicho hakikuwepo. Mara ya kwanza kusikiliza kilikuwa sekunde nne. Jana kilifika dakika moja. Kuna mtu anapumua, anangoja. Leo nimesikiliza mpaka simu imeisha chaji, na mjomba alikuwa bado hajasema kitu.