Meza ya Matimba

Mbao zile zilikuwa zimeanikwa juani siku kumi na saba, katika kiangazi ambacho Ibadakuli nzima haikuona wingu, na bado kila Edson alipopitisha msasa, karatasi ilitoka na tope. Alipangusa kwa kitambaa, akaendelea na kazi.

Hazikuwa mbao za dukani. Yalikuwa matimba, magogo yanayozuia kuta za shimo la dhahabu zisiwaangukie wachimbaji, na Edson aliyang'oa mwenyewe kwenye mdomo wa duara, yaani shimo la wachimbaji, lililotelekezwa huko Geita, alikochimba miaka sita kabla ya kurudi nyumbani. Aliyapasua, akaacha alama za shoka zionekane, akaunda meza pana ya sebuleni yenye miguu minene. Mkewe, Serafina, alitaka jumuiya ikija kusali Alhamisi ikute mahali pa kuweka chai.

"Baba Ritha, hii meza inanuka."

"Inanuka mti."

"Mti gani unanuka baruti na udongo wa kaburini? Mimi nimezaliwa Samuye, usinifundishe miti."

"Ngoja vanishi ikauke, mayu. Utaniomba na ya pili."

Alasiri ya kwanza baada ya meza kuingizwa sebuleni, binti yao Ritha, mwenye miaka sita, alikuwa akichora juu ya meza hiyo mbao zilipogongwa kutoka chini. Mara tatu, polepole. Aliinama, akaona sakafu tupu. Akacheka, akajibu kwa kifundo cha kidole, akiigiza makofi wanayopiga shuleni: mawili ya haraka, moja la kuchelewa. Kukawa kimya, kimya cha mtu anayesikiliza ili akariri.

Tangu siku ile mtoto hakutaka kula mbali na meza. Kucha zake zilikutwa na udongo mwekundu, ambao uwanja wao haukuwa nao. Alipobebwa kupelekwa chumbani mwili ulimpanda joto. Aliporudishwa sebuleni alipoa, akapoa kupita kiasi, kama mtungi.

Alhamisi jumuiya ikaja. Kila walipomaliza Salamu Maria moja, meza iligonga mara tatu, na vikombe vikatetemeka, na mama mmoja aliyekuwa akijifanya hasikii akazidi kupaza sauti ya sala mpaka sauti ikamkauka, na harufu ya baruti ikapanda kutoka kati ya mbao ikawafunga vifua, wakatoka mmoja mmoja bila kuaga, wakiviacha viatu vyao mlangoni.

Serafina hakusubiri zaidi. Akamwita Mzee Adam, mtu aliyehifadhi Kurani na kusifika kwa kuwatoa majini.

"Shikamoo, mzee," Edson alisema.

"Marahaba." Mzee hakuketi. Aliweka kiganja juu ya meza, akakiondoa upesi. "Nani yumo katika shimo zilikotoka mbao hizi?"

Edson alitazama chini. "Magesa. Mwenzangu. Kuta zilimfunika."

"Aligonga?"

"Hapana, mzee. Alikufa palepale."

Alisema uongo. Magesa aligonga siku mbili, mara tatu tatu, ishara ya wachimbaji kwamba mtu yu hai. Edson ndiye aliyemjibu kwa nyundo juu ya timba: tumekusikia, tunakuja. Kisha akaona ufa mpya juu ya kichwa chake, akapanda juu, akawaambia wenzake kwamba chini kumenyamaza.

"Aliyekufa harudi kubisha hodi," Mzee Adam alisema kwa sauti ya chini. "Lakini aliyeumbwa kwa moto hukaa mashimoni. Huyu alikaa gizani na mwenzako, akamsoma pumzi na maneno, na sasa anadai alichoahidiwa yule. Rudisha kila kipande. Ukifika mdomoni mwa shimo, useme kwa sauti ulichomtendea. Ukificha, atachukua badala."

"Badala gani?" Serafina aliuliza.

Mzee alimtazama mtoto.

Edson alikodi gari kabla ya mapambazuko, akafika machimboni adhuhuri. Aliishusha meza, akaibomoa, akayalaza mapande yote juu ya mdomo wa duara. Hatua chache kutoka hapo wachimbaji walikuwa wakila ugali, wawili walimtambua, mmoja akamtania: "Mwamba, umerudi kutuletea fanicha?" Wakacheka. Edson alifungua kinywa, akawaona wanavyomtazama, na aibu ikamkaba kuliko hofu.

"Magesa," alinong'ona, "pumzika."

Hakusema zaidi.

Simu ikaita. Alikuwa Serafina, na alizungumza kwa mnong'ono. "Baba Ritha, mtoto amelala kifudifudi pale meza ilipokuwa. Anagonga sakafu. Tatu, polepole. Namwita, hanijui."

"Mpe simu."

Alisikia pumzi nzito, yenye vumbi, kisha sauti ya binti yake, ambaye tangu aanze kusema hajawahi kumsalimu bila shikamoo wala kumtaja kwa jina.

"Edson," ilisema. "Ulijibu kwamba unakuja."

Na kabla hajapata neno, kutoka chini ya matimba, kutoka kina ambacho hakuna kamba iliyowahi kukifikia tangu siku ile, kukapanda mapigo madogo ya kifundo cha kidole juu ya jiwe: mawili ya haraka, moja la kuchelewa, kama makofi ya shuleni kwa Ritha. Yakanyamaza, yakingoja. Kisha yakaanza tena.