Mistari Sita ya Seleri

"Mistari mingapi?"

"Sita. Nimeihesabu mwenyewe, farasi nimemsimamisha kabisa."

"Mattie, una uhakika ni seleri? Isije ikawa kabichi."

"Savilla! Umekaa na vitabu mpaka unadhani mimi sijui mboga? Ni seleri, kutoka ghalani mpaka kwenye uzio. Hiyo ni harusi ya watu mia tatu."

Profesa Savilla Esh akaweka kalamu chini. Alikuwa ofisini kwake chuoni, na baada ya dakika kumi alitakiwa kuingia darasani kuwafundisha watu kazi ya ushauri nasaha. Somo la siku hiyo lilikuwa wivu katika ndoa. Binamu yake Mattie alikuwa anapiga kutoka kile kibanda cha mbao kule Lancaster, kilichojengwa mwisho wa shamba kwa sababu Waamishi, wale Wakristo wa mashambani wanaoishi kizamani, hawataki simu ndani ya nyumba. Mattie alikipenda kibanda kile kuliko jiko lake.

Kwao Savilla hakuna mtu anayepanda mistari sita ya seleri kwa ajili ya supu. Seleri nyingi maana yake binti anaolewa Novemba. Nyingine itapikwa kwa maziwa na siagi, nyingine itasimamishwa mezani kwenye mitungi ya kioo badala ya maua. Wazazi hufunga midomo mpaka kanisa litangaze, lakini bustani inaonwa na kila mpita njia. Na nyumbani kwa mama yake binti aliyebaki alikuwa mmoja tu, Lydiann, kitinda mimba, miaka ishirini na tatu.

Savilla naye alikuwa anaolewa Novemba hiyo hiyo, lakini hakujihesabu. Yeye aliondoka nyumbani akiwa na miaka kumi na tisa na elimu ya darasa la nane, kabla hajabatizwa, maana kwao mtu hubatizwa akishakuwa mtu mzima, akasoma mpaka akawa profesa. Sasa alikuwa anaolewa na mtu wa nje, kwenye kanisa la watu wa nje. Mama yake alishamwambia mwezi wa tano, bila kuzunguka: "Nawatakia heri, mwanangu. Ila mimi sitakuja." Mama aliyesema hivyo hapandi seleri.

"Basi Lydiann anaolewa!" Savilla akacheka kwa furaha. "Na nani? Yule kijana wa kutengeneza hatamu?"

Mattie akanyamaza. Mattie kunyamaza ni habari tosha.

"Mattie?"

"Mimi sipendi umbea, unanijua."

"Nakujua vizuri sana. Sema."

"Mchumba wako anaendesha gari gani akishaacha lori la maziwa?"

"Dogo, la bluu. Kwa nini?"

"Alhamisi nne mfululizo lipo kwa mama yako. Wiki iliyopita nimemwona kwa macho yangu, kapiga magoti katikati ya seleri na Lydiann. Wanacheka, Savilla. Mdogo wako kofia imekaa upande."

"Nevin? Haiwezekani."

"Na Lydiann amekataa ubatizo mwaka huu. Wenzake wote wamebatizwa, yeye kasema asubiriwe. Msichana asiyebatizwa anaolewa na yeyote, hata mtu wa nje. Jumlisha mwenyewe, wewe ndiye msomi."

Simu ikakatika. Savilla akabaki ameishika.

Alijumlisha. Alikumbuka buti za Nevin zenye tope jeusi kila Alhamisi, na ile harufu ndani ya gari lake wiki iliyopita, kali na ya kijani, harufu ya utotoni mwake. Aliinusa akaona labda amekumbuka nyumbani tu. Na siku hiyo nayo ilikuwa Alhamisi. Akachukua simu, akaandika.

"Mpenzi, leo mchana uko wapi?"

Jibu likaja upesi. "Kiwandani. Tunaosha tangi, nitachelewa. Nakupenda."

Akakusanya karatasi zake akaingia darasani, na kwa dakika arobaini alifundisha vizuri sana. Kisha mwanafunzi mmoja wa mbele akanyoosha mkono.

"Profesa, mtu akishikwa na wivu afanye nini kwanza?"

"Aulize," Savilla akajibu bila hata kufikiri. "Kabla hajahukumu, aulize. Wivu hujibu maswali ambayo haujayauliza."

Wakaandika wote. Robo saa baadaye mwalimu wao alikuwa barabarani anakanyaga mafuta kwenda Lancaster, na hakuwa na mpango wa kumuuliza mtu chochote.

Gari dogo la bluu lilikuwa pale, limeegeshwa nyuma ya ghala. Limefichwa, alijisemea. Akazunguka kwa miguu.

Walikuwa mstari wa nne. Nevin alikuwa anasimamisha mbao pembeni ya mashina, Lydiann anavuta udongo kuyafunika mabua yawe meupe. Nevin alikuwa na tope kwenye paji la uso. Lydiann akasema kitu, wote wakaangua kicheko, kisha akainua pindo la aproni yake akampangusa.

"Pangusa vizuri!" Savilla akapaza sauti. "Na huku shavuni bado!"

Waligeuka wote wawili. Nevin akadondosha ubao.

"Savilla... umefikaje hapa?"

"Kwa gari. Tangi limeoshwa? Linang'aa?"

"Ngoja nikueleze."

"Ulikuwa na Alhamisi nne za kunieleza!" Akamgeukia mdogo wake. "Na wewe. Mimi ndiye niliyekusuka nywele. Mimi ndiye niliyekufundisha kufunga hiyo aproni unayompangusia mume wangu!"

"Dada, tafadhali. Mama yuko ndani."

"Asikie! Nani asiyejua mistari sita maana yake nini? Umekataa ubatizo, umepanda seleri, mnacheka. Mnanicheka mimi!"

"Savilla, unasema vitu utakavyojutia," Nevin akasema.

"Ninachojutia ni kukuamini." Akaichomoa pete kidoleni. "Mvishe huyu. Amepata nyumba, amepata mama, amepata kila kitu nilichokiacha. Kilibaki wewe tu. Basi na wewe achukue!"

Akairusha pete. Ilimeta mara moja juani, ikazama kwenye majani ya seleri.

Lydiann alikuwa amesimama na udongo mikononi, midomo inamcheza. Nevin hakusogea.

"Umemaliza?" Nevin akauliza.

"Nimemaliza."

"Seleri ni yako."

"Nini?"

"Ni yako, Savilla. Mwezi wa sita nilikuja kumwomba mama yako aje kwenye harusi. Nikaja tena. Safari ya tatu akanitazama akasema, baba yake angekuwa hai angemlimia mtoto wake seleri. Akanipa jembe. Hakusema neno jingine. Miche yote hii nimepanda mimi, na Lydiann ananifundisha na kunicheka kwa sababu napanda vibaya."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mama yako aliniapisha. Alisema, 'Sijajua kama nitaweza kwenda. Usimpe mwanangu ahadi ambayo huenda nikashindwa kuitimiza.' Ningefanyaje? Nikadanganya naosha tangi. Kwa hilo nina kosa, na nakuomba radhi. Lakini ungeniuliza ana kwa ana, nisingeweza kukutazama usoni nikadanganya. Hukuuliza."

Savilla akamtazama mdogo wake. Sauti ilimtoka ndogo.

"Na ubatizo?"

Lydiann alifuta machozi kwa mgongo wa mkono, tope likampaka shavuni.

"Nikishabatizwa siruhusiwi kusimama na bibi harusi kwenye kanisa la nje. Nani angesimama na wewe? Wanafunzi wako?" Akavuta pumzi. "Nikamwambia askofu anisubiri mwaka mmoja. Alikasirika. Mama alilia. Nikasema dada yangu hatasimama peke yake."

Hapo Savilla akapiga magoti kwenye udongo na sketi yake ya kazini. Kwao mtu akikosa hupiga magoti mbele ya kanisa zima akasema kosa lake kwa mdomo wake. Yeye aliondoka kabla hajawahi kufanya hivyo.

"Nimekosa," akasema. "Nimekuonea wivu, Lydiann. Si leo tu. Kila nikija hapa naona kikombe chako kinaning'inia karibu na cha Mama, najiona mgeni. Nilikuwa natafuta sababu, Mattie akanipa."

"Unanionea wivu mimi?" Lydiann akacheka huku analia. "Nilikuwa na miaka minane ulipoondoka na lile sanduku. Tangu siku hiyo Mama anakiacha kiti chako mezani, hakai mtu. Mimi niliyepo hapa naambiwa nisogee, kiti cha Savilla kisiguswe! Miaka kumi na mitano nashindana na kiti!"

"Nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Inuka, unavunja mabua."

Nevin hakucheka. Savilla akamgeukia akiwa bado chini.

"Nevin, nisamehe na wewe. Bado unanitaka?"

Aliinama akaokota ubao, akaupangusa polepole.

"Nipe siku mbili," akasema. "Nakupenda, hilo usilitilie shaka. Lakini leo umenifanya msaliti mbele ya mtoto uliyemlea. Siwezi kujifanya haikuniuma."

Akaenda kwenye gari lake. Savilla akageukia seleri, akaanza kupekua majani kwa mikono miwili akitafuta pete. Lydiann akaingia mstari wa pili. Muda si mrefu wakasikia mlango wa jikoni, na mama yao akaja taratibu na gauni lake jeusi, mwanamke wa miaka sabini ambaye hajawahi kuvaa hata kipini. Hakumuuliza mtu kitu, maana sauti ya Savilla ilikuwa imemfikia mpaka kwenye jiko. Akapiga magoti kwenye mstari wa tatu, akaanza kupapasa udongo.

"Mama, acha, utaumia mgongo," Savilla akasema.

"Tafuta," mama akajibu.

Walitafuta mpaka saa ya kukamua ng'ombe ikafika. Hawakuipata.

Siku mbili zile Savilla hakula chakula cha maana. Alijua namna ya kumfariji mtu wa hali yake, alishaandika kitabu kizima juu ya jambo hilo, na hakikumsaidia hata ukurasa mmoja. Aliandika ujumbe mara kumi akafuta. Kidole kitupu kilimwasha. Wanandoa wawili walikuja ofisini kwake Ijumaa wanagombana kwa wivu, na nusura alie kabla yao.

Jumamosi asubuhi simu ikalia mlio wa ujumbe.

"Mstari wa tano na wa sita bado haijafunikwa udongo. Njoo na buti."

Alisoma mara tatu. Kisha akaandika, "Nauliza: ni mimi unayeniita au unataka kibarua?"

"Vyote viwili. Njoo, mke wangu."

Alipofika, Nevin alikuwa ameegemea uzio na majembe mawili. Savilla akaweka kichwa kifuani kwake, naye akamshika kisogo kwa mkono wenye tope, wakakaa hivyo mpaka mama akakohoa nyuma yao.

"Mmesalimiana?"

"Ndiyo, mama," Nevin akasema.

Mama akatia mkono mfukoni mwa aproni. Akautoa na kuufungua, na katikati ya kiganja chake kilichosagika kwa kazi pete ilikuwa inang'aa, imeoshwa.

"Mama! Umeipata lini?"

"Jana alfajiri. Mstari wa tatu, chini ya jani." Aliitazama kwa jicho la mashaka. "Siku nzima imekaa mfukoni mwangu. Sijawahi kushika kitu cha namna hii. Nevin, ichukue umvishe mwenyewe, kabla sijaizoea."

Lydiann akacheka mpaka akakaa chini. Nevin akamvisha Savilla pete.

Mama alikuwa ameshageuka kurudi ndani. Akasimama bila kuwatazama.

"Savilla."

"Naam, Mama."

"Hilo kanisa lenu. Viti vya mbele huwa wanakaa nani?"

Savilla akashika mkono wa Nevin kwa nguvu.

"Wazazi, Mama."

"Niwekee kimoja. Macho yangu si mazuri siku hizi, nikikaa nyuma sitaona kitu."

Novemba ikafika. Kwenye ukumbi wa nyuma ya lile kanisa, mitungi ya kioo ilipangwa mezani kote na seleri nyeupe ndani yake, na jikoni sufuria mbili kubwa zilikuwa zinachemka kwa maziwa na siagi. Lydiann alisimama na dada yake tangu mwanzo hadi mwisho, gauni la samawati na kofia imenyooka. Mama alikaa kiti cha mbele, mikono mapajani, akatazama kila kitu.

Wakati wa chakula, binamu Mattie alipenya kati ya viti na sahani iliyojaa, akamwinamia mama sikioni kwa sauti ambayo meza nzima iliisikia.

"Shangazi, kumbe seleri ilikuwa ya Savilla! Miezi yote hiyo tunahangaika. Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza," mama akasema, akaendelea kula.

Profesa Savilla akainamisha uso kwenye sahani yake. Chini ya meza Nevin akamkanyaga mguu taratibu, naye akamsukumia bakuli la seleri amalizie.