Watazamaji wa Chumba cha Nyuma

Dada aliyeendesha tovuti ya nyumba za kuuza alijua watazamaji wake walikotoka. Wengine waliletwa na matangazo, wengine na mitandao ya kijamii. Asubuhi ile likatokea kundi lisilopitia kokote. Lilifungua picha moja tu: chumba cha nyuma katika nyumba ya marehemu mama yake.

"Wanunuzi hao," alisema kaka yake, dalali na mwenye ofisi. "Wanatoka wapi?"

"Mle mle ndani ya nyumba."

"Nyumba nimeifunga mwenyewe, na umeme umekatwa. Kompyuta yako imelewa."

"Siku ya picha, kaka, kitanda cha mama kilikuwa wapi?"

Dalali akageukia karatasi zake. Siku ile alikiburuta mwenyewe hadi koridoni, mama mgonjwa akiwa juu yake, ili chumba kionekane kikubwa. Picha zilipopigwa akaondoka bila kukirudisha. Dada aliporudi na dawa alimkuta mama amekufa, mwili umeshapoa, uso umeelekea mlango wa chumba chake.

Mchana ofisi ikanuka dawa ya kuchua. Kisha wakasikia miguu ya kitanda ikikwaruza sakafu nje ya mlango, ikisimama, ikianza tena, ikisogea polepole kama inayovutwa na mtu mmoja aliyechoka lakini hana nia ya kuacha.

Dada akamwita mganga. Yule mzee hakuvuka kizingiti.

"Huyu si mama yenu," alinong'ona. "Ni jini. Amekuta hasira ya marehemu haina wa kuijibu, akaivaa. Aliyekosa akiri, naye jini ataondoka."

"Kiri, kaka."

"Nilitafuta bei nzuri. Hata yeye angefaidi."

"Angefaidi nini, koridoni?"

"Usinipandishie sauti. Sijaua mtu."

Dalali akaifuta ile picha kwenye tovuti. Mkwaruzo ukakoma. "Dawa ya jini ni kitufe," alisema, akacheka peke yake.

Asubuhi iliyofuata watazamaji walirudi, wengi kuliko jana. Tovuti ilikuwa na picha ambayo hakuna aliyeiweka: chumba cha kulala cha dalali, kipana, hakina kitanda.

Dada akapiga simu. Ikapokelewa.

"Mdogo wangu," kaka yake alisema kwa sauti ya chini. "Nimeamkia koridoni, juu ya kitanda changu. Siwezi kugeuza hata shingo. Kuna watu wananong'ona. Angalia huko, wanatoka wapi?"

Dada akaangalia.

"Chumbani kwako," alisema. "Wanakuja."