Glovu za Otilia

— Otilia, vua glovu umsalimie baba!

Shangazi Hellena alisema hivyo kwa sauti ya kutangazia msiba. Sebule nzima ya mzee Wilibrodi, kijijini Mwazye, ikanyamaza. Hata kuku aliyekuwa akichakura chini ya benchi alibaki na mguu mmoja hewani.

Otilia alikuwa amepiga magoti mkekani. Kwa Wafipa, binti anayetambulishwa ukweni humsalimu mzee kwa kuinama na kupiga makofi ya taratibu, viganja vimejikunja kama vikombe. Makofi ndiyo heshima. Bila makofi, salamu ni kelele tu.

— Shikamoo, baba, alisema Otilia, mikono ikiwa ndani ya khanga.

— Marahaba, mwanangu.

Mzee akasubiri makofi. Hayakuja.

— Ametuvalia glovu kama askari wa gwaride! shangazi akasema. — Ndivyo mnavyofundishana huko mjini?

— Baridi, shangazi.

— Baridi ya Ufipa tumezaliwa nayo. Nani aliwahi kufa kwa kupiga makofi?

Gabriel, mchumba mtu, alitamani ardhi ipasuke immeze shangazi kwanza, kisha yeye. Kijana huyu alikuwa dereva wa lori la mahindi, na katika miaka ile ya soko huria dereva wa lori Rukwa alikuwa nusu waziri. Aliyajua mashimo yote ya barabara ya Sumbawanga. Lakini mikono ya mchumba wake hakuijua. Walipendana kipupwe kikiwa kimeshaingia, na siku zote alishika sufu nyekundu ya mtumba, hajawahi kushika kidole.

Njiani kurudi mjini, lori lilinguruma na yeye akanguruma.

— Umenidhalilisha, Oti.

— Nisamehe.

— Makofi mawili tu! Hata mtoto mchanga anapiga.

Otilia aligeukia dirisha. Alihesabu mashimo mpaka Sumbawanga.

Kesho yake Gabriel alikuwa Matai akipakia maharage. Mtandao wa simu ulipatikana sehemu moja tu: juu kabisa ya magunia. Alipanda huko, na ujumbe ukaingia:

"Gabriel, tafuta mwenye mikono ya kupiga makofi. Mimi basi. Usinitafute."

Akapiga hapo hapo.

— Oti! Una mwanaume mwingine?

— Mwanaume! Otilia alicheka kicheko kikavu. — Ningekuwa na mwanaume ningemficha vizuri kuliko hii.

— Kuliko nini? Haloo? Haloo!

Simu ilikatika. Gabriel alishuka kwenye magunia kama anayekimbia nyuki, akawasha lori na nusu ya mzigo ikiwa bado chini.

Alipofika saluni ya Otilia, mteja alikuwa anatoka mbio. Nusu ya kichwa chake ilikuwa imesukwa vizuri ajabu, nusu imesimama kama shamba lililokosa mwenyewe.

— Mikono hiyo isiniguse tena! mteja alipiga kelele. — Utaniambukiza!

Ndani, Otilia alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja. Glovu zilikuwa sakafuni.

Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa vimevimba kuanzia shinani hadi nchani, vinene kama soseji. Juu ya vifundo ngozi ilikuwa nyekundu, yenye magamba meupe. Kucha zilikuwa na vishimo vidogo vidogo, kana kwamba mtu alizidonoa kwa sindano.

— Haya, tazama, alisema. — Umeridhika?

— Inauma?

— Asubuhi siwezi kufunga kifungo. Nikipiga kofi moja naona nyota mchana.

— Kwa nini hukuniambia?

— Nikuambie ili ukimbie kama yule? Zahanati walinipa dawa ya fangasi. Duka la dawa wakanipa ya minyoo. Nikaenda kwa mganga, akasema nimerogwa na mke mwenza.

— Mke mwenza? Wewe?

— Nikamwambia, babu, mimi sina hata mume. Akasema, unaona sasa, ndiyo maana!

Wakatazamana. Gabriel ndiye aliyeanza kucheka, Otilia akafuata, kisha kicheko chake kikageuka kilio. Gabriel alichuchumaa akaushika mkono ule taratibu, kama mtu anayeokota yai.

— Jana nilikugombeza kama mjinga, alisema. — Nisamehe. Twende Mbeya, kwa bingwa.

— Na kama naye atasema minyoo?

— Tutakunywa wote.

Basi la Mbeya liliwakung'uta mpaka Tunduma, na kwa kila shimo Otilia aliuma meno bila kusema "aa". Gabriel alimtazama kwa pembe ya jicho. Alikuwa amewahi kuona wanaume wenye vifua vipana wakilia kwa jino moja.

Bingwa wa ngozi katika hospitali ya rufaa alikuwa mama mfupi, Daktari Atuganile. Hakuuliza kwanza kuhusu mikono. Alitazama viwiko, akapekua kichwani nyuma ya masikio, akachungulia kucha. Ndipo akabonyeza kila kifundo, kimoja kimoja, bila glovu.

— Daktari, huogopi kuambukizwa? Otilia aliuliza.

— Hauambukizi huu, mwanangu. Wala hukurogwa. Ngozi yako ina soriasisi, ugonjwa wa magamba, na sasa ngozi na viungo vimeingia ubia. Kinga ya mwili wako inapigana na mwili wako wenyewe.

— Utapona?

— Hauishi, lakini unatulizwa. Umewahi. Wengine wananijia vidole vimeshapinda havinyooki. Utameza dawa hii mara moja kwa wiki. Kwa wiki, siyo kwa siku! Ukiimeza kila siku itakuumiza. Kila mwezi unapima damu. Pombe hapana. Na mimba hapana, mpaka mimi niseme. Dawa hii inadhuru mtoto tumboni.

Alimgeukia Gabriel.

— Baba, umesikia? Wewe ni mumewe?

— Bado, daktari. Ila nimesikia.

Nje, chini ya ukuta wa hospitali, Otilia alikaza khanga kiunoni kama anayejiandaa kwa ugomvi.

— Sasa nenda, Gabriel. Mama yako anataka mjukuu kabla ya mavuno.

— Tuwaambie uliungua na maji ya moto. Vidole vikitulia, nani atajua?

— Halafu mwaka upite sijabeba mimba, shangazi aseme mimi gumba, nawe unyamaze? Hapana. Nilificha mikono, nusura nikupoteze. Sifichi tena. Nitasema mwenyewe, mbele yao. Wakikataa, wamkatae Otilia mzima, siyo glovu.

Gabriel alitazama mikono yake. Yeye aliyependekeza uongo ndiye mwenye vidole vizima.

Jumapili iliyofuata sebule ya Mwazye ilijaa tena. Otilia alipiga magoti, akaweka mikono yote miwili wazi juu ya mkeka.

— Baba, mama, shangazi. Siku ile sikupiga makofi kwa sababu hii. Nilipaswa kusema, nikaona aibu. Ni ugonjwa, hauambukizi, hauishi, lakini una dawa. Na nikiwa kwenye dawa siruhusiwi kubeba mimba. Anayenitaka anitake akijua.

— Mtume! shangazi Hellena alishika kichwa. — Mke anayezaa kwa ruhusa ya daktari!

Mzee Wilibrodi alikohoa, akatazama dari. Kazi ngumu aliiacha kwa mkewe, kama kawaida ya wazee wenye hekima.

Mama Getruda, mama mzaa Gabriel, alisogea mkekani, akavitazama vile vidole kimoja kimoja.

— Mtoto wenu atarithi?

— Anaweza, mama. Anaweza pia asirithi.

— Mm. Mama alimnyooshea mumewe kidole. — Huyu hapa aliposewa kwetu na watu kumi. Wote walimsifu. Hakuna hata mmoja aliyeniambia anakoroma! Niligundua usiku wa harusi, na Gabriel naye amerithi. Wewe umekuja mwenyewe na ubaya wako mkononi, ukauweka mkekani. Binti wa hivyo namrudisha kwao kwa lipi?

— Mama Gabriel, mbele ya watu! mzee alilalamika.

— Nyamaza, mkoromaji. Harusi lini?

Otilia alimeza kidonge chake kila Jumapili, na kila Jumapili, popote lori lilipokuwa, ujumbe uliingia: "Umemeza?" Naye alijibu: "Nimemeza. Usiendeshe huku unaandika." Mvua zilipokoma, uvimbe ulikuwa umeshuka, na wateja wakaanza kurudi, akiwemo yule wa nusu kichwa.

Ila kifundo kimoja kilikaidi, na kwa ubishi wake kilichagua kuwa cha kidole cha pete. Kanisani, mbele ya watu wote, pete ilifika kwenye kifundo ikagoma. Gabriel alisukuma. Ikagoma. Padri alikohoa. Shangazi Hellena alisimama benchini aone vizuri.

— Weka hapa, Otilia alinong'ona, akatoa kidole kidogo.

Gabriel alimtazama padri. Padri alifunua kitabu, akakifunga.

— Kinadai pete, alisema. — Unene wa kidole hakijautaja.

Pete ikaingia. Vigelegele vikapasua paa. Gabriel aliinama sikioni kwa mkewe.

— Inapwaya?

— Kidogo.

— Niitoe?

— Thubutu!