Kikombe cha Cucu Wamucii

Ploti ya Kiragu, nyumba zake za kupangisha hapa Kawangware, Nairobi, ilikuwa na amani yake. Kila asubuhi mama yake, Wamucii, ambaye sote tulimwita cucu, yaani bibi, alikuwa wa kwanza bombani. Alijaza kikombe chake cha bati, akanywa akiwa amesimama, ndipo wapangaji wakapanga mitungi. Aliyapenda maji ya ardhini. Ndiye aliyebeba udongo kwa karai wakati marehemu mumewe akichimba kisima cha kwanza cha ploti hiyo.

Kisima hicho kilikauka, na tusijifanye hatujui sababu. Kila mwenye ploti alichimba chake, akavuta maji kutwa kucha bila kumfikiria jirani. Kiragu naye akachimba kirefu cha pampu cha kuleta maji bombani, hatua kumi tu kutoka kile cha baba yake.

Kisha akafanya jambo ambalo hadi leo linanipandisha hasira. Aliona uchungu kulipia gari la kunyonya choo, na shimo la baba yake liko pale bure. Mama alipokwenda matanga Murang'a, Kiragu akaelekeza bomba la choo cha wapangaji ndani ya kisima kikavu, akafunika kwa zege. Akajisifu kwa wenye ploti wenzake. Wawili wakamwiga!

Baada ya miezi kadhaa Nafuna, mpangaji anayefua nguo za watu, akamwendea.

"Mzee, hii maji inanuka. Watoto wa hii ploti wote wanaharisha."

"Kama haikupendezi, hama. Hii ploti ni yangu, hata huko chini ni kwangu."

Lakini siku hiyohiyo alianza kununua maji ya chupa, yake na ya mkewe na wanawe. Mama alikataa, akasema ya dukani hayana ladha. Kumzuia kulimaanisha kumwambia ukweli. Basi kila asubuhi Kiragu alimtazama mama yake akijaza kile kikombe, akanyamaza. Ndugu msomaji, alinyamaza.

Wamucii alilazwa na taifodi, akawa mifupa mitupu. Kiragu alipoona anampoteza, akakiri yote kando ya kitanda. Mama aliuliza jambo moja tu.

"Nikinywa, ulikuwa unajua?"

"Nilijua, maitu, mama yangu."

Mama akageukia ukutani.

Alipona. Watu wa afya wamefunga pampu, na maji ya chini bado ni machafu. Kila asubuhi Wamucii hubeba kikombe chake hadi mlangoni kwa Nafuna, akapewa maji yaliyochemshwa. Maji ya chupa anayoletewa na mwanawe huyamwagia mboga zake za sukumawiki.

MAFUNZO

Huko chini hakuna ploti. Maji ni yaleyale, yangu na yako. Kisima kikikauka, kizibwe kwa udongo safi, kisigeuzwe choo. Pampu nazo zipumzike, ardhi ipate kujaa tena mvua ikinyesha. Na ukimwona mwenye ploti anakuuzia maji ya kisima chake huku yeye anakunywa ya chupa, muulize sababu. Muulize mbele ya mama yake.