Meza Iliyoupa Mlango Mgongo

Maji ya tangi la samaki yalikuwa yanatikisika, na hakuna mtu aliyeligusa. Wai-fong aliinua uso kutoka kwenye ankara zake. Samaki wekundu walikuwa wamejibana kona moja. Ikasikika sauti ya goti kugonga mbao, kisha harufu ya mafuta ya kuchua ikapita mbele ya pua yake.

"Umesikia?" alinong'ona Shangazi Kam, karani aliyeanza kazi pale Wai-fong hajazaliwa.

"Ni lifti, Shangazi."

"Lifti gani inajipaka mafuta ya kuchua? Usinifanye mtoto. Wenzetu wameshaacha kazi, na mimi nimebakiwa na roho moja tu."

Kampuni ile ya kuuza ng'onda na pweza wakavu, ghorofani mtaa wa Sheung Wan, ilikuwa ya marehemu Mzee Lam, baba yake Wai-fong. Mzee alipofariki biashara ikadorora, na binti akamwita Bwana Tsoi, fundi wa fengshui, mtu wa kujua bahati inaingilia wapi na inatokea wapi. Tsoi akazunguka na dira yake, akaguna. Meza ya mzee inaupa mlango mgongo, mbaya hiyo. Ikageuzwa, ikapelekwa ukuta wa pili. Kabati likavutwa hadi dirishani, na pale palipokuwa njia likawekwa tangi la samaki, maji yavute riziki. Wateja walirudi, tusimnyime haki yake. Ila hawakurudi peke yao.

Mchana ule wa mvua kubwa Tsoi alikuja tena, na kioo cha pembe nane kwapani.

"Nikitundika kioo hiki, hicho kinachowasumbua kitatupwa nje," alisema kwa sauti ya chini. "Hakitakuwa na pa kurudi tena."

Anga ikawa nyeusi, taa zikafifia, na wote watatu wakausikia mkono, kiganja kikavu kikipapasa ukuta polepole kutoka mlangoni, kikifika pale kabati lilipokuwa zamani na kukuta patupu, kikirudi, kikipapasa upya, kikisogea mbele kwa nyayo za kuburuta, mpaka goti likagonga tangi, maji yakamwagika, na mtu asiyeonekana akashusha pumzi kama mzee aliyechoka.

Wai-fong akakumbuka. Miaka yake ya mwisho Mzee Lam alikuwa haoni. Aliijua ofisi kwa mkono: ukuta, kabati, kiti. Jioni alishika bega la binti yake ampeleke kwenye lifti, na siku moja, mbele ya wateja, binti aliutoa mkono ule begani. "Baba, tembea mwenyewe, nina kazi." Mzee hakumshika tena mpaka anakufa.

"Weka kioo chini, Bwana Tsoi. Anatafuta kiti chake, na sisi tumemhamishia."

"Binti, huenda si baba yako. Vitu hivi huvaa harufu za watu."

"Huenda."

"Basi mfikishe lifti umuage, na mkono uutoe begani. Usipoutoa, utakuwa naye popote."

Wai-fong akasimama kando ya tangi, akageuza mgongo. "Niko hapa, Baba. Shika."

Shangazi Kam aliona kwa macho yake: shati la Wai-fong likabonyea begani, alama ya vidole vitano. Wakatoka taratibu. Lifti ikafunguka. Wai-fong akainua mkono wake kuufikia ule wa begani, akalia, akaushusha bila kuugusa. Alikwisha kuutoa mara moja, na hakuweza kuutoa tena.

Tangu siku hiyo ofisi ni shwari, samaki wananenepa, Tsoi anasifiwa. Wai-fong anazidi kukonda, na bega lake la kushoto limeinama. Kila jioni Shangazi Kam humsikia akiteremka taratibu ngazi za nje ya jengo kuelekea barabarani, peke yake, akisema, "Ngazi, Baba. Bado moja."